Ndoo Tatu za Mbegu za Mikoko

Jumatatu, 3 Machi

Tuta limetobolewa! Saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu. Katapila limekata mapengo mawili na bahari ikaingia kwa adabu, kama mgeni aliyekuwa akibisha hodi miaka yote hiyo.

Nieleze, maana daftari hili huenda likasomwa na mtu asiyejua. Tuta ni ukuta wa udongo. Lilijengwa zamani na kampuni ya chumvi ili maji ya bahari yasiingie kwenye mabwawa yake. Kampuni ikafa, tuta likabaki. Nyuma yake mikoko ikakauka mmoja mmoja, ndege wakahama, na sisi wa mitaa miwili ya huku chini tukabaki na udongo na uzio wa waya kati yetu na bahari. Bahari iko hatua mia mbili kutoka jikoni kwangu. Naisikia ninapochemsha chai.

Mke wangu alikuwa akipenya kwenye tundu la uzio kila alfajiri, anapanda tuta, anashuka upande wa pili, ananawa uso kwa maji ya chumvi, anarudi. Miaka ishirini na sita. Mwaka juzi, baada ya mvua kubwa, aliniuliza kama tuta ni salama. Nilimjibu kwamba ni imara kabisa. Nilimweleza hata aina ya udongo. Ukingo ukameguka chini ya mguu wake, nyonga ikavunjika, na tangu hapo anakaa kwenye kiti cha magurudumu na bahari anaisikia tu, kama mimi.

Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Sasa mradi utarudisha maji, utapanda mikoko, na utajenga njia ya mbao juu ya nguzo, pana, tambarare, kutoka kwenye nyumba hadi majini, ili kila mtu afike, hata mwenye magurudumu. Njia ni moja tu. Ama itaanzia mtaa wetu, ama mtaa wa pili. Kamati itaamua.

Nami nimejiamulia kwamba itaanzia kwetu.

Jumatano, 5 Machi

Hujuma! Nimemwona Bwana Muhuri na mpima ardhi.

Bwana Muhuri ni karani mstaafu wa mahakama. Anaishi mtaa wa pili, lakini nyumba zetu zimepeana migongo. Ukuta wa nyuma ni mmoja. Alistaafu yeye, muhuri wake haukustaafu. Kadi ya mwaliko anaipiga muhuri. Karatasi ya kuuliza nani ameona paka wake aliipiga muhuri. Yeye ndiye katibu wa kamati, ingawa jiografia hajasoma hata darasa moja.

Leo alisimama kwenye lango lake, mpima ardhi pembeni, akinyoosha bakora kuelekea chini kwenye matope, halafu kuelekea kwake, halafu chini tena. Maana yake iko wazi. Anataka njia ianzie mlangoni kwake.

Nikamweleza mke wangu. Akasema niende nikamuulize. Nikamwambia mtu wa namna ile haulizwi. Akauliza ni wa namna gani. Nikasema wa namna ya kunyoosha bakora. Akaniambia, "Mwalimu, ni hatua chache tu kuzunguka, kamsalimie mwenzako." Si hatua chache. Ni lazima upande hadi barabara kuu, upite gereji, ushuke mteremko wa kokoto. Kwa miguu ni robo saa. Kwa kiti cha magurudumu ni mtihani.

Ndiyo maana njia lazima ianzie kwetu. Mke wangu haelewi kwamba nampigania yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Ufunguo ni kanuni ya mradi. Aliieleza mtaalamu wa mikoko, msichana tunayemwita Binti Matope kwa sababu hajawahi kuonekana na miguu misafi. Nilimfundisha kidato cha pili. Alisema hivi: penye mche uliojiotea wenyewe hapakanyagwi wala hapapigwi nguzo, kwa sababu mche uliochagua mahali pake unajua jambo tusilolijua. Uliopandwa na mtu unaweza kuhamishwa. Uliojiotea, hapana.

Basi ikionekana kwamba mikoko imejiotea mbele ya mtaa wa pili, njia haiwezi kupita pale. Itabaki kwetu!

Mbegu ninazo. Mimi ndiye mlinzi wa kitalu cha mradi. Mbegu ya mkoko si kama ya mhindi. Ni ndefu na nzito, kama kalamu nene ya kijani iliyochongwa ncha. Huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, kisha huanguka matopeni. Ninazo ndoo nane. Tatu hazitaonekana zimepungua.

Ijumaa, 7 Machi

Imetendeka. Saa saba mchana, jua kali, watu wote ndani. Nimevaa suruali ya zamani na kofia ya mke wangu ya bustani. Nikajipenyeza chini ya tuta hadi mbele ya mtaa wa pili. Maji yalikuwa mbali. Matope hadi magotini. Kiatu kimoja nimekiacha huko.

Nimechomeka mbegu mia moja na themanini. Mgongo! Lakini kazi safi. Nilisimama juu ya tuta nikaitazama na moyo ukafurahi.

Bwana Muhuri alitokea dirishani. Nikajilaza. Akapiga chafya, akafunga dirisha.

Mke wangu aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema kutafakari. Alitazama mguu wangu usio na kiatu kwa muda mrefu, kisha akasema chakula kiko mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Nimeamka nikiwa nimeelewa kosa langu.

Nimezipanda kwa mistari! Kumi na minane, kila mmoja mbegu kumi, nafasi sawasawa, mstari wa tano umenyooka hadi ungeweza kuupigia rula. Miaka thelathini na moja ya kunyoosha foleni za wanafunzi imeniharibu. Hakuna mkoko duniani uliojiotea kwa mistari.

Nimerudi saa saba. Nimezing'oa moja moja na kuzichomeka ovyo. Jambo gumu hilo! Kila nilipopanda ovyo niligundua nimepanda kwa mpangilio mwingine. Mwishowe nilifumba macho nikawa nazirusha na kuzikandamiza kwa kiganja pale zilipoangukia. Kina sikukizingatia. Nilikuwa na haraka; Bwana Muhuri alikuwa akikohoa karibu.

Sasa zinaonekana za asili kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Muhuri amekutana nami dukani. Akaniamkia vizuri, akauliza hali ya mgonjwa. Nikasema si mgonjwa, ni mtu aliyekaa. Akasema, "Kweli, kaka, umenisahihisha." Akaomba nimpelekee salamu. Akasema tena kwamba mkutano wa tarehe ishirini na saba nisiukose, kuna jambo litakalonifurahisha.

Mnafiki! Atafurahi yeye.

Salamu nilizifikisha kwa kifupi.

Jumatatu, 17 Machi

Hazipo.

Nimekwenda asubuhi kuona maendeleo. Matope matupu, laini, kama ubao uliofutwa. Hata moja!

Nimekaa juu ya tuta nikaelewa taratibu, na kuelewa huko kuliniuma kuliko mgongo. Nieleze. Mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Hayo ni maji mafu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huja bamvua, maji makubwa yanayopanda juu na kushuka chini kabisa. Nilipanda wakati wa maji mafu. Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua limepita hapa na kung'oa kila kitu kisichokandamizwa ipasavyo. Na mbegu ya mkoko huelea. Imeumbwa kuelea! Ndivyo inavyosafiri.

Somo hili nimelifundisha mara thelathini na moja. Nilikuwa na wimbo wake.

Jumanne, 18 Machi

Nimeziona.

Mkondo unatoka upande wa pili kuja kwetu. Zimesafiri zote, zimeingia kwa pengo la kwanza, zimezunguka, na zimetua mbele ya lango langu. Zimesimama wima kwenye matope kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Si ovyo, si kwa mistari. Vizuri kupita nilivyoweza mimi.

Nimezihesabu hadi mia na kumi na mbili, kisha nikaacha.

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda kuzing'oa. Nilishang'oa nne, niko kwa magoti, ya tano mkononi, nikasikia mtu analia nyuma yangu.

Binti Matope. Alikuwa analia kwa furaha. Akasema katika miradi yote aliyofanya hajaona mikoko ikirudi yenyewe siku kumi na sita baada ya tuta kufunguliwa. Akasema, "Mwalimu, na wewe umeshaanza kuisimamisha iliyolala! Shikamoo tena!" Akanipiga picha na ile ya tano. Ikabidi niichomeke. Akanisaidia kuchomeka na zile nne.

Kabla ya jua kuzama amerudi na fulana ya njano yenye maandishi mgongoni, MLINZI WA MICHE, na kibao cha kusimika: USIKANYAGE. Akasema hakuna anayestahili zaidi.

Nimekisimika kibao mwenyewe, mbele ya lango langu mwenyewe. Mke wangu alikuwa kibarazani akitazama. Aliniuliza kibao kinasema nini. Nikamwambia. Akauliza kama maana yake ni kwamba njia haitapita hapa.

Nikasema bado hatujui.

Jumapili, 23 Machi

Baadhi zimeshika mizizi. Nimevuta moja kidogo, haikuja.

Mke wangu ameniomba nimtolee sanduku lenye viatu vyake vya zamani. Amevitazama, amevipangusa vumbi, ameviweka chini ya kitanda.

Alhamisi, 27 Machi

Mkutano. Nataka kuandika kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa mbele, amevaa kitenge chake kizuri. Nilimsukuma mwenyewe hadi pale, dakika arobaini, juu na chini.

Binti Matope alisimama kwanza. Akaonyesha michoro. Akasema ni lazima aseme kwa masikitiko kwamba mpango umebadilika. Mchoro wa kwanza, uliokubaliwa tangu Februari, ulipitisha njia mtaa wetu.

Mtaa wetu! Tangu Februari! Kabla tuta halijatobolewa, kabla sijashika ndoo!

Akasoma na sababu. Kulikuwa na barua ya maombi kwa kamati, imeandikwa na Bwana Muhuri, ina muhuri juu na chini. Barua ilisema kwamba mtaa wake una mteremko na kokoto, na kwamba mtaa wa jirani yuko mama mmoja aliyeizoea bahari kuliko sisi sote, ambaye sasa hana njia ya kuifikia. Kwa hiyo mwandishi anaomba njia ianzie lango la mama huyo. Siku ile ya bakora alikuwa akimwonyesha mpima ardhi kwa nini isianzie kwake.

Hilo ndilo lingenifurahisha.

Kisha Binti Matope akasema kwamba bahati mbaya, au bahati nzuri kwa mikoko, miche imejiotea pale pale penye njia. Kanuni ni kanuni. Iwapo ingekuwa imepandwa na mtu ingehamishwa asubuhi moja. Lakini imejiotea. Kwa hiyo njia itahamia mtaa wa pili. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Nikasimama.

Ilitakiwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni: miche ile niliipanda mimi. Maneno manne. Njia ingerudi kwetu kesho yake. Ningeaibika, ndiyo; Bwana Muhuri angenitazama, wanafunzi wangu wa zamani wangenitazama. Lakini njia ingerudi.

Mke wangu aligeuza kichwa akanitazama. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nadhani alikuwa akinisubiri.

Nikafungua mdomo, nikaanza kueleza bamvua.

Sijui ilikuwaje. Nilianza na mwezi. Nikaingia kwenye jua. Nikachora ubaoni. Nikaeleza kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja. Nikasikia sauti yangu ikizidi kuwa nzuri. Watu wa nyuma walianza kuondoka. Baada ya dakika ishirini na tano mwenyekiti akanishukuru kwa elimu, akauliza kama naunga mkono au napinga. Nikasema yote mawili yana hoja.

Wakapiga kura. Mtaa wa pili. Bwana Muhuri alipinga peke yake.

Ijumaa, 28 Machi

Mke wangu alijua tangu siku ya kiatu kimoja.

Amesema leo asubuhi, akimenya viazi, bila kuinua macho. Alinijua kwa kofia yake, alipoona kofia inarudi na matope. Alipowaona wenzangu wa kitalu wakiuliza ndoo tatu ziko wapi, alielewa yaliyobaki.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mkutanoni. Akasema, "Halikuwa langu kulisema, baba." Akasema ndani ya ukumbi ule alikuwa na tumaini mara mbili: kwanza la kupata njia, kisha la kunisikia. Yote mawili yalidumu kama dakika moja. Kisha nikafika kwenye jua.

Nilitaka kumwambia kuhusu tuta, kwamba kila siku nakumbuka jibu langu lile. Nikaanza. Ikatoka kuhusu udongo wa mfinyanzi na namna unavyonyonya maji. Akaniambia ninyamaze nimletee sufuria.

Ijumaa, 4 Aprili

Nguzo za kwanza zimezamishwa mtaa wa pili. Nazisikia zikigongwa. Niliandika barua ya kukiri, ukurasa mmoja. Ilipofika ukurasa wa sita bado nilikuwa kwenye historia ya chumvi. Nimeichana. Hata hivyo miche sasa ina majani mawili mawili. Nikikiri leo, wataing'oa na kung'oa nguzo pia?

Najua hilo ni swali la mtu mwoga. Nimeliandika ili lisinizunguke.

Jumamosi, 10 Mei

Njia imefunguliwa. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Mbao zimepangwa kwa karibu, gurudumu halinasi. Kingo za kushikilia pande zote.

Bwana Muhuri na mkewe walikuja asubuhi na mapema kumchukua mke wangu. Wamepita njia yote ile, barabara kuu, gereji, kokoto. Bwana Muhuri alisukuma mwenyewe, na umri ule, na alipofika kwenye kokoto nasikia walimnyanyua na kiti chake kama bibi harusi. Mkewe aliniuliza kwa nini siji. Nikasema nina zamu. Nikavaa fulana ya njano.

Nilisimama nyuma ya kibao changu. Kutoka pale hadi mwisho wa njia ni matope matupu, hatua mia mbili hivi. Unaona mtu lakini humsikii. Nilimwona anafika. Nilimwona mke wa Bwana Muhuri anafunga breki za magurudumu. Wakasubiri maji yajae. Maji yalipofika kwenye mbao, aliinama, akachota kwa viganja vyote viwili, akanawa uso.

Alikaa hivyo muda mrefu, mikono usoni.

Ningekuwa pale. Ningekuwa nimeshika kiti, na ingekuwa kwetu, na tungeweza kwenda kila alfajiri bila kumsumbua mtu. Badala yake nililinda miche. Imestawi sana. Ndege watatu wamerudi, weupe, wenye miguu mirefu. Sikuwa na mtu wa kumweleza ni ndege gani.

Aliporudi alikuwa na chumvi kwenye nyusi. Nilimuuliza maji yalikuwaje. Akasema, "Baridi." Akacheka. Akasema Bwana Muhuri amemwambia lango liko wazi wakati wowote, apige simu tu, watakuja kumchukua.

Jumapili, 11 Mei

Nimefikiri usiku kucha na nimeona tatizo liko wapi. Si njia. Ni mzunguko!

Nieleze. Nyumba zetu zimepeana migongo. Kati ya uwanja wangu wa nyuma na wa Bwana Muhuri kuna ukuta mmoja tu wa matofali, na langoni kwake ndipo njia inapoanzia. Ukuta ule ukiwa na tundu, mke wangu anafika majini kwa dakika nne, hakuna barabara kuu wala kokoto. Kiti chake kina upana wa sentimita sitini na saba. Nimepima. Tundu la sentimita tisini linatosha.

Mke wangu ameniona na futi ya kupimia. Akasema kama ni mlango ninaoufikiria, nizunguke nikamuombe Bwana Muhuri, atakubali kabla sijamaliza kusema. Hajui watu. Ukimuomba mtu jambo kama hili ataitisha kamati. Bora akute limekwisha, apigwe na mshangao, afurahi. Jumanne anakwenda kupima macho mjini, yeye na mkewe, kutwa nzima.

Nimechagua mahali kwa kusikiliza, sikio kwenye ukuta. Kuna sehemu moja maji yanasikika yakitiririka kila asubuhi, kisha yanaacha, kisha yanatiririka tena, na katikati Bwana Muhuri anasukutua na kuimba. Anamwagilia maua, bila shaka. Basi hapo ni bustani, hakuna cha kuvunjika. Nimepaweka alama ya chaki. Mambo ya maji mimi huwezi kunidanganya.

Kilichokosekana ni nyundo kubwa. Nimezunguka hadi kwa Bwana Muhuri kuiazima. Amenipa, akaniongezea na patasi mbili, akanisindikiza hadi gereji akiwa amenibebea. Hakuuliza ya nini.

Mtu huyu haeleweki.